Vita vya Pili vya Dunia: Hitler alishapoteza Desemba 1941, Stalingrad ilikuja baadaye

Mzee wa Ramani:

Wakuu, habari za jioni.

Kuna uzi humu watu walibishana mpaka wakatukanana: vita vya Hitler viligeukia wapi? Wengi wakasema Stalingrad, wengine Normandy, wachache El Alamein (hao ni wapenzi wa Rommel, jenerali wa Kijerumani wa Afrika Kaskazini, tunawajua). Nimesoma kurasa zote, sikuona aliyegusa wiki ambayo kwangu mimi ndiyo yenyewe: kuanzia Ijumaa tarehe 5 hadi Alhamisi tarehe 11 Desemba 1941.

Ndani ya wiki hiyo yalitokea mambo matatu, Moscow, Hawaii na Berlin. Baada ya hapo Ujerumani ilipigana miaka mingine mitatu na ushee, ikaua mamilioni na kushinda mapambano kadhaa makubwa. Ila njia ya kushinda vita vyenyewe ilikuwa imeshafungwa. Uzi ni mrefu, asiyependa kusoma apite kimyakimya.

MOSCOW

Tarehe 22 Juni 1941 Ujerumani iliivamia Urusi ya Kisovieti kwa askari zaidi ya milioni 3, pande tatu kwa mpigo: kaskazini kuelekea Leningrad, katikati kuelekea Moscow, kusini kuelekea Ukraine. Hesabu ya Berlin ilikuwa kulivunja Jeshi Jekundu ndani ya miezi michache, kabla ya baridi. Mpango wa pili haukuwepo.

Halafu watu wakisikia jeshi la Hitler wanawaza vifaru tu. Jeshi lile liliingia Urusi na farasi zaidi ya laki 6! Vifaru vilitangulia, nyuma huku mizigo inavutwa na wanyama kwenye barabara za udongo, ambazo mvua za Oktoba ziliposhuka ziligeuka tope linalomeza magurudumu.

Pamoja na hayo walikaribia kweli. Oktoba hiyo, kule Vyazma na Bryansk, walizingira majeshi mazima ya Kisovieti wakateka watu zaidi ya laki 6. Berlin ikawatangazia waandishi wa habari kwamba upande wa mashariki kazi imekwisha. Tarehe 16 Oktoba Moscow iliingiwa na kiwewe: ofisi za serikali zinahamishiwa mji wa Kuibyshev, mbali mashariki, watu wanagombania treni, maduka yanavunjwa. Stalin akabaki mjini. Tarehe 7 Novemba akafanya gwaride Uwanja Mwekundu huku theluji inaanguka, na vikosi vilivyopita mbele yake vikaunganisha moja kwa moja kwenda mstari wa mbele.

Najua kuna watakaokuja kuniambia aliyeshinda pale ni baridi. Sikubali. Theluji iliwaangukia wote. Mmoja alikuja na makoti, mwenzake hakuja nayo kwa sababu alijiaminisha kwamba kufikia wakati huo atakuwa ameshamaliza. Askari wa Kijerumani wakawa wanawasha moto chini ya injini za vifaru ili ziweze kuwaka. Tarehe 20 Desemba Goebbels, waziri wa propaganda, akaenda redioni kuwaomba raia wachange makoti ya manyoya, sweta na soksi za sufu kwa ajili ya vijana walioko mbele. Oktoba mmetangaza ushindi, Desemba mnachangisha soksi.

Upande wa pili Stalin alikuwa na kitu ambacho Hitler hakuwa nacho: taarifa. Richard Sorge, jasusi wa Kisovieti aliyeishi Tokyo kama mwandishi wa habari, alishatuma ujumbe kwamba Japani haitaishambulia Urusi mwaka ule, macho yake yako kusini. Alikamatwa Oktoba, lakini ujumbe ulishafika. Divisheni kutoka Siberia na Mashariki ya Mbali zikapandishwa treni kuja magharibi.

Tarehe 5 Desemba jenerali wa Kisovieti Konev akashambulia kaskazini mwa Moscow, kesho yake mwenzake Zhukov naye akaingia. Wakati huo Wajerumani wa mbele kabisa walikuwa chini ya kilomita 40 kutoka Kremlin. Walisukumwa nyuma kilomita 100, sehemu nyingine zaidi ya 200. Brauchitsch, mkuu wa jeshi la nchi kavu, akaondoka, na tarehe 19 Hitler akakikalia cheo kile yeye mwenyewe. Guderian, bingwa wao wa vita vya vifaru, aliondolewa wakati wa Krismasi.

Na kuna mtu wa ndani alishaliona hili. Fritz Todt, waziri wa silaha wa Ujerumani, tarehe 29 Novemba alimwambia Hitler ana kwa ana kwamba Ujerumani haiwezi tena kushinda vita hivi kwa nguvu za kijeshi, itafutwe njia ya kisiasa. Ilikuwa wiki moja kabla Zhukov hajagonga.

HAWAII

Japani ilikuwa inanunua karibu asilimia 80 ya mafuta yake Marekani. Julai 1941 ikaingiza jeshi kusini mwa Indochina ya Wafaransa. Rais Roosevelt wa Marekani akazuia mali za Japani, na kufikia Agosti mafuta yakakatwa. Tangu hapo kila siku iliyopita meli zao za kivita zilikuwa zinakula akiba. Mafuta ya karibu yalikuwa visiwa vya Waholanzi, Indonesia ya leo, na ubavuni mwa njia ya kwenda huko kuna Ufilipino iliyokuwa chini ya Marekani. Shambulio la Pearl Harbor, bandari ya kijeshi ya Marekani kule Hawaii, lilipangwa ili meli za Marekani zisije kuwasumbua wakati wanayafuata hayo mafuta.

Angalia tarehe sasa. Meli 6 za kubeba ndege zilitoka ghuba ya Hitokappu tarehe 26 Novemba, siku ambazo dunia nzima ilikuwa inasubiri kusikia Moscow imeanguka. Tokyo iliingia vitani ikiamini inajiunga na mshindi. Wangesubiri wiki 3 tu wangesoma habari nyingine kabisa.

Jumapili tarehe 7 ndege zaidi ya 350 zikaishambulia Pearl Harbor. Walikufa Wamarekani 2,403. Meli kubwa za kivita zikazama au kuungua, ila zile za kubeba ndege hazikuwepo bandarini siku hiyo. Na Admirali Nagumo, aliyeongoza meli zile za Japani, hakurudi kupiga mara ya tatu, kwa hiyo matangi ya mafuta, karakana za meli na kituo cha nyambizi vikabaki vizima. Yakumbukeni hayo matangi na karakana, nitayarudia nikiulizwa Midway.

BERLIN

Hapa ndipo huwa nabaki nimeshangaa. Mkataba wa pande tatu wa Septemba 1940 kati ya Ujerumani, Italia na Japani uliwataka wasaidiane endapo mmoja wao *atashambuliwa*. Japani haikushambuliwa, ndiyo iliyoshambulia. Hitler hakubanwa na kitu. Roosevelt naye tarehe 8 alikuwa ameliomba bunge lake vita dhidi ya Japani peke yake.

Tarehe 11 Hitler akasimama mbele ya wabunge wake Berlin akatangaza vita dhidi ya Marekani. Kwa hiari yake! Jeshi lake liko theluji, linarudi nyuma, na yeye anajiongezea adui mwenye viwanda vikubwa kuliko vyote duniani.

Naweka kalamu chini kwanza. Karibuni.

---

Siti ya Dirishani:

Nimeshakaa, kahawa ipo. Waje wajuvi.

---

Kisiki cha Mpingo:

Mkuu umeandika vizuri ila hitimisho lako limekimbia kuliko ushahidi. Mtu "aliyeshapoteza" Desemba 1941, kiangazi cha 1942 anafikaje Volga? Agosti hiyo walipanda kileleni Elbrus wakasimika bendera. Juni Rommel kaichukua Tobruk na kuingia Misri. Nyambizi zao zinazamisha meli kila siku Atlantiki. Ukimuuliza mtu wa London Agosti 1942 nani anashinda, angekujibu Ujerumani.

Stalingrad ndiyo ilikata. Kuanzia tarehe 19 Novemba 1942 Jeshi Jekundu likapiga pembeni kote kuwili, tarehe 23 mikono miwili ikakutana na jeshi zima la sita la Wajerumani likawa ndani ya mfuko. Kamanda wake Paulus kajisalimisha 31 Januari 1943, waliobaki 2 Februari. Mateka kama 91,000, waliorudi kwao baada ya vita hawazidi elfu 6. Kabla ya hapo Wajerumani walikuwa wanarudi nyuma halafu wanakuja tena. Baada ya hapo wakawa zaidi wa kurudi nyuma.

---

Mzee wa Ramani:

Kisiki, nilijua utakuja na nilikuwa nakusubiri.

Chukua ramani mbili. Ya Juni 1941: mishale mitatu, kuanzia Baltiki hadi Bahari Nyeusi. Ya Juni 1942: mshale mmoja, kusini peke yake. Kwa nini? Kufikia mwisho wa Novemba 1941 walikuwa wameshapoteza watu zaidi ya laki 7 kule mashariki, kwa maana ya waliokufa, waliojeruhiwa na waliopotea. Hawakuwa tena na nguvu ya kushambulia pande zote. Wakachagua kusini kwa sababu ya mafuta: Maikop, Grozny, Baku. Maikop waliifikia mapema Agosti wakakuta Warusi wameshaviharibu visima. Grozny na Baku hawakuzifika kabisa.

Na wale waliokuwa wanalinda pembeni pale Stalingrad ni akina nani? Waromania, majeshi yao mawili, la tatu na la nne, silaha za kupiga vifaru hawana za maana. Hao ndio Zhukov na jenerali mwenzake Vasilevsky waliowachagua kuwapiga. Wajerumani hawakuwaweka Waromania pale kwa mapenzi, walikuwa wameishiwa watu wao. Wale watu waliisha wapi? Barabara ya Moscow.

Kwa hiyo Stalingrad ni kubwa, silipunguzi hilo. Nasema tu ilizaliwa Desemba.

---

Fundi Gereji:

Kwa hiyo mkuu Hitler angeagiza makoti mapema leo tungekuwa tunachapa huu uzi kwa Kijerumani? 😂

---

Mzee wa Ramani:

Makoti yalikuwepo mengi tu, kule nyuma Poland. Treni zilikuwa chache, na kila treni lazima uchague: mabomu, mafuta au nguo. Wakachagua mabomu na mafuta.

---

Bint Chumbageni:

Shikamooni wakubwa. Niongeze la huku kwetu, maana wiki hiyo anayoisema Mzee wa Ramani ilifika mpaka Tanga.

Japani ilipoichukua Ufilipino na Java mwanzoni mwa 1942, upande wa Uingereza na Marekani ulipoteza katani ya Manila na mkonge wa Java kwa mpigo mmoja. Meli haziendi bila kamba, na mashine za kuvunia ngano za wakati ule zilihitaji uzi wa kufungia miganda. Mkonge mwingi uliobaki mikononi mwao ulikuwa wa Tanganyika na Kenya. Mpira nao ni hivyohivyo, baada ya Malaya kuanguka yakafufuliwa hata mashamba ya zamani ya mpira ya wakati wa Mjerumani.

Serikali ya kikoloni ikaanza kuchukua watu kwa amri kwenda kufanya kazi mashambani. Machifu na majumbe wanapewa idadi, wanatafuta wanaume, wanaume wanapandishwa malori. Wazee wetu wa Korogwe na Muheza wakikusimulia habari za manamba wa wakati wa vita, huyo mtu hajawahi kumwona Mjapani maishani mwake, ila amekata mkonge kwa sababu ya Mjapani. Kwenye vitabu vya shule tunasoma KAR (King's African Rifles, askari wa kikoloni wa Afrika Mashariki) na Burma, hawa wa mashambani hawatajwi.

---

Mzee wa Ramani:

Marahaba binti. Hili lilistahili uzi wake.

---

Baharia wa Likoni:

Sisi wa Mombasa pia tuko kwa hii story. Tarehe 10 Desemba, katikati ya hiyo wiki yako, ndege za Japani zilizamisha manowari za Kiingereza Prince of Wales na Repulse karibu na Malaya. Februari Singapore ikaanguka. Halafu Aprili 1942 huyohuyo Nagumo wa Pearl Harbor akaingia Bahari ya Hindi, akapiga Colombo tarehe 5 na Trincomalee tarehe 9, akazamisha manowari za Kiingereza Hermes, Dorsetshire na Cornwall. Waingereza wakaona Ceylon (Sri Lanka ya leo) hapakaliki. Manowari zao zikarudishwa nyuma hadi Kilindini.

Pamoja nazo wakaja wale wataalamu wa kufungua siri za redio za Japani. Waliwekwa Shule ya Allidina Visram, pale inapoangalia bahari. Watu wanapita hapo kila siku hawajui kwamba humo ndani mwaka 1942 kulifunguliwa siri za meli za mizigo za Japani, JN-40.

Na msisahau Khedive Ismail, meli ya kubeba askari. Ilitoka Kilindini kuelekea Colombo, 12 Februari 1944 ikapigwa na nyambizi ya Japani ikazama kwa dakika chache tu. Karibu watu 1,300 walikufa, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Kuna familia huku kwetu na bara ambazo hazikuwahi kuzika.

---

Siti ya Dirishani:

Mzee wa Ramani uliahidi Midway.

---

Mzee wa Ramani:

Midway kwa kifupi, maana imeandikwa sana. Wamarekani walikuwa wanasoma sehemu ya siri za Japani. Wakaona sehemu inaitwa "AF" inapangiwa shambulio. Joseph Rochefort na wenzake, wafungua siri wa Hawaii, walihisi ni Midway, kisiwa cha Marekani katikati ya Pasifiki, Washington hawana uhakika. Wakaiagiza Midway itume ujumbe wa wazi kwamba mtambo wa maji umeharibika. Baada ya muda mfupi Wajapani wakaripotiana: AF ina shida ya maji. Mchezo ukaisha hapo.

Sasa rudi kwenye karakana nilizowaambia mzikumbuke. Yorktown, meli ya Marekani ya kubeba ndege, ilitoka Bahari ya Matumbawe Mei 1942 imepigwa vibaya, makadirio ya matengenezo ni miezi. Pearl Harbor wakaitengeneza kwa siku zisizozidi 3, mafundi wengine wakabaki humo ndani ikiwa safarini. Tarehe 4 Juni ndege zake zilikuwemo kwenye zile zilizozichoma meli za Japani za kubeba ndege Akagi, Kaga na Soryu kwa dakika chache asubuhi, na Hiryu jioni yake. Yorktown nayo ikapotea, lakini hesabu ni moja kwa nne. Kama Nagumo angezipiga karakana zile Desemba, Yorktown ingetengenezwa wapi kwa siku 3? Pwani ya Marekani yenyewe, wiki nzima baharini.

---

Mtoto wa Likasi:

Jambo bakubwa. Miye niko Katanga, naona mumesahau mgodi wa Shinkolobwe.

Huyo adui mpya aliyejiongezea Hitler tarehe 11 Desemba ndiye aliyetengeneza bomu la atomiki, na uranium nyingi ya kwanza ilitoka kwetu, karibu na Likasi, iliyoitwa Jadotville wakati ule. Edgar Sengier, mkubwa wa kampuni ya madini ya Union Minière, alishasafirisha tani kama 1,200 za mawe hayo mwaka 1940 na kuyahifadhi ghalani Staten Island, New York. Septemba 1942 Kanali Nichols wa jeshi la Marekani akaenda ofisini kwake kumuuliza kama anaweza kupata uranium. Akaambiwa iko hapahapa mjini. Walioichimba walikuwa baba zetu, kwa mikono, bila kuambiwa ni kitu gani.

---

Kisiki cha Mpingo:

Haya ya Tanga na Likasi yamenifundisha. Ila Mzee bado hujajibu swali kuu: Hitler alikuwa na akili gani tarehe 11? Maana ukisema alikosea bila kueleza kwa nini, unafanya historia ya vichekesho.

---

Mzee wa Ramani:

Haki yako.

Kwanza, kwa macho yake Marekani ilikuwa imeshaingia vitani bila kutangaza. Tangu Machi 1941 inaipa Uingereza silaha kwa mkopo. Vuli ile meli zake za kivita zilikuwa zinasindikiza misafara Atlantiki na zinarushiana risasi na nyambizi. Manowari yake moja, Reuben James, ilizamishwa tarehe 31 Oktoba. Maadmirali wa Hitler walikuwa wanamlalamikia kwamba wamefungwa mikono.

Pili, alidhani Japani itawashughulisha Wamarekani Pasifiki muda wa kutosha yeye kumaliza Urusi 1942. Asichokijua ni kwamba Washington na London walishakubaliana mapema 1941 kwamba ikitokea vita pande zote, Ujerumani ndiyo ya kwanza kupigwa.

Na kwa miezi michache alionekana yuko sahihi. Januari 1942 alituma nyambizi 5 tu pwani ya mashariki ya Marekani. Miji ya ufukweni ilikuwa haijazima taa. Makapteni wa Kijerumani wanakaa baharini usiku, meli ya mafuta inapita kati yao na taa za mji, inaonekana kivuli chote, wanapiga. Ilichukua miezi kuzima taa na kupanga misafara. Lakini Mei 1943 nyambizi 41 zilipotea kwa mwezi mmoja, Dönitz, mkuu wa jeshi la majini la Ujerumani, akaziondoa Atlantiki ya Kaskazini. Kufikia wakati huo Marekani ilikuwa inajenga meli za mizigo za Liberty haraka kuliko yeye anavyozamisha. Moja, Robert E. Peary, iliunganishwa kwa siku 4 na masaa 15.

---

Kisiki cha Mpingo:

Sawa, ila hizo Liberty hazikumsaidia Zhukov pale Moscow wala jenerali Chuikov aliyeilinda Stalingrad. Misaada mingi ya Marekani ilifika Urusi kuanzia 1943. Warusi waliuvunja mgongo wa jeshi lile wao wenyewe, kwa damu yao. Uzi wako unampa Mmarekani zaidi ya alichotoa.

---

Mzee wa Ramani:

Soma tena mpangilio wangu, nimeanza na Moscow makusudi na ndipo nilipokaa kuliko popote. Damu ni ya Warusi, hakuna anayebisha.

Ila kuzuia na kufika Berlin ni vitu viwili. Malori na jeep zaidi ya laki 4 za Marekani ziliingia Urusi kupitia Iran, Vladivostok na Bahari ya Aktiki. Zile roketi za Katyusha unazoziona kwenye picha za 1944 nyingi zimefungwa juu ya malori ya Marekani ya Studebaker. Juni 1944 Jeshi Jekundu lilipolivunja kundi la katikati la Wajerumani kule Belarusi, lilienda mamia ya kilomita ndani ya wiki chache. Jeshi la miguu halifanyi hivyo bila malori. Mjerumani wakati huo bado anavuta mizinga kwa farasi.

---

Kisiki cha Mpingo:

Belarusi nakupa. Stalingrad siachii. Ukimaliza hapa fungua uzi wa Kursk, nina maneno yangu kuhusu Prokhorovka na wale wanaosema vifaru elfu moja viligongana uwanja mmoja.